Bunduki Kuukuu Katika Nchi ya Mlima Elgon

Msomaji, kama siku moja utapata kuonyeshwa bunduki ya zamani ya kijeshi iitwayo Lee-Enfield, itazame upande wa kulia, pale ambapo chuma cha mtambo huungana na mti wa kitako. Hapo utaona taji limegongwa, na karibu nalo herufi za mfalme wa Uingereza, jina la kiwanda na mwaka. Kiwanda chaweza kuwa Enfield kule Uingereza, au Lithgow katika Australia, au Ishapore katika Bara Hindi. Mwaka waweza kuwa 1907, au 1917, au 1943. Kwa mwanafunzi wa historia hiki ni chombo cha ajabu, maana huchukua cheti chake cha kuzaliwa mwilini. Mkuki, chungu na jiwe la kusagia havisemi vilitengenezwa lini, bunduki husema. Lisilogongwa katika chuma ni njia iliyosafiri baada ya hapo, na mikono iliyoipokea. Habari ya njia hiyo ndiyo nitakayokueleza katika kurasa hizi.

Katika nchi iliyo baina ya Bungoma na Kitale, penye mto Nzoia upande mmoja na mlima Elgon upande wa pili, bunduki zilizotangulia kuingia hazikuwa mpya. Zilikuwa kuukuu, silaha ambazo majeshi makubwa ya Ulaya yaliziacha baada ya kupata nyingine bora. Huku kwetu zilianza maisha ya pili. Zilibebwa kwa miguu mwendo wa miezi, zikawinda ndovu, zikalinda ng'ombe, zikaua watu. Tena utaona, tukiendelea, kwamba bunduki ya namna moja ilikuwa na majina mengi. Mkononi mwa huyu iliitwa bunduki ya mwindaji. Mkononi mwa yule iliitwa bunduki ya mwasi au ya jangili. Na chuma kilikuwa kile kile.

Yafaa kwanza tujue kwa nini Ulaya iliacha silaha zake. Mpaka katikati ya karne ya 19 askari wengi duniani walipigana kwa magobori. Mwenye gobori alimimina baruti katika kinywa cha mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki mpaka vikakaa chini kabisa, kisha akaweka fataki juu ya kifa, akainua nyundo, akalenga. Fundi aliyezoea aliweza kupiga mara 3 hivi kwa dakika, naye ilimlazimu asimame wima wakati wa kushindilia, akionekana na adui. Mvua ikinyesha, baruti ililowa na silaha ikawa rungu. Mwaka 1866 jeshi la Prussia liliwashinda Waaustria kwa bunduki zilizotiwa risasi kwa nyuma, ambazo askari aliweza kuzijaza akiwa amelala chini, na tangu hapo hapakuwa na serikali kubwa ya Ulaya iliyotaka tena gobori. Waingereza walichukua Snider mwaka ule ule, kisha Martini-Henry mwaka 1871. Wajerumani walichukua Mauser mwaka huo wa 1871, na Wafaransa wakachukua Gras mwaka 1874. Mwaka 1888 Waingereza waliiacha Martini-Henry kwa ajili ya Lee-Metford, iliyokuwa na kisanduku cha kuwekea risasi kadhaa pamoja, na mwaka 1895 ikaja Lee-Enfield. Hesabu mwenyewe: katika muda wa miaka 30 jeshi moja lilibadilisha bunduki yake mara 4.

Mabaki hayo yalikwenda wapi? Wafanyabiashara waliyanunua kwa bei ndogo na kuyapakia merikebuni, na sehemu kubwa ilielekea Afrika. Kwa upande wetu mlango ulikuwa Unguja. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Yawezekana alitia chumvi kidogo, maana alitaka wakubwa wake washtuke. Lakini hata tukiikata hesabu yake nusu, bado ni silaha za kutosha jeshi zima kila mwaka, katika nchi ambayo haikuwa na kiwanda hata kimoja cha kuzitengeneza.

Kutoka Pangani na Mombasa misafara ya Waswahili na Waarabu ilipanda bara. Wapagazi walichukua majora ya merikani, shanga na masango ya shaba, na walinzi wao walichukua bunduki begani. Walipita Baringo, wakavuka nyanda za Uasin Gishu, wakafika Mumias kwa Nabongo wa Wawanga, ambako palikuwa kambi kubwa ya kupumzikia. Mskoti Joseph Thomson alipofika nchi hiyo mwaka 1883, na kuyatazama mapango ya Elgon ambamo watu waliishi pamoja na mifugo yao, Waswahili walikuwa wamekwisha kuikanyaga njia. Vitabu vya Ulaya humwita mvumbuzi. Sijui Waswahili waliokuwa wakimwelekeza njia walimwita nani.

Kilichoivuta misafara ni pembe. Elgon ilikuwa nchi ya ndovu. Wenyeji wa mlima, Wasabaoti na Waogiek, waliwinda kwa mishale yenye sumu na kwa mitego, na uwindaji huo ulikuwa na kiasi chake: mtu alihitaji ujuzi wa miaka, subira ya siku nyingi, na wenzake wa kugawana nao nyama. Bunduki ilivunja kiasi hicho. Si kwamba gobori lilikuwa silaha nzuri ya kuulia ndovu. Risasi yake laini ya duara mara nyingi ilimjeruhi tu mnyama na kumtia hasira. Lakini wenye magobori waliweza kupiga wengi kwa pamoja, na mtu asiyejua kusoma nyayo aliweza kununua ushujaa kwa baruti. Zaidi ya hayo, bunduki ilikuwa yenyewe bidhaa. Mfanyabiashara aliyeishiwa nguo aliweza kulipa kwa Snider, na mzee aliyepokea Snider alijua kwamba jirani yake naye angetafuta moja kabla ya mvua kurudi.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yaliweka sahihi mkataba wa kuzuia bunduki za kutilia risasi nyuma zisiingie Afrika, kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, nayo ni kukomesha biashara ya watumwa. Lakini soma kwa makini: serikali za kikoloni zenyewe hazikujinyima kitu. Magobori ya kizamani yaliweza bado kuuzwa kwa masharti, na silaha bora zilibaki kwa wale walioandika mkataba.

Sasa tufike Bungoma. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua katika utumishi wake askari wa Kisudani waliokuwa zamani chini ya Emin Pasha. Bunduki za askari hao zilikuwa Remington, zilizotengenezwa katika mji wa Ilion, jimbo la New York, kwa ajili ya Khedive wa Misri. Fikiri safari yake: kutoka Marekani mpaka Kairo, kutoka Kairo kupanda mto Nile mpaka ziwa Albert, na kutoka huko kuzunguka mpaka Uganda. Askari wa jamii hiyo ndio waliowekwa kulinda njia ya Mumias wakati Uingereza ilipotangaza himaya yake Uganda mwaka 1894. Wakati huo Bungoma ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Iliunganishwa na nchi ambayo leo ni Kenya mwaka 1902.

Askari hutoroka, na atorokaye na bunduki hupata mnunuzi upesi. Wabukusu walikuwa wamezungukwa na majirani wa kupigana nao, na walikuwa wakijipatia bunduki kutoka kwa watoro na kwa wafanyabiashara. Afisa aliyekuwa Mumias alituma kikosi kidogo cha Wasudani kwenda kuzidai bunduki hizo. Kikosi kile kiliangamizwa. Mbele ya maafisa jambo hilo lilikuwa maasi. Mbele ya Wabukusu lilikuwa ni watu wageni wenye silaha waliokuja kijijini kuwanyang'anya silaha wenyeji, na sidhani kama msomaji atahitaji kuelezwa kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja lililotazamwa kutoka pande mbili za ukuta.

Mnamo Agosti 1895 C. W. Hobley alikwenda kulipiza kisasi. Pamoja naye walikuwa Wasudani, Wawanga, Wamaasai, na jeshi la Waganda lililoletwa na William Grant. Walipiga kwanza ngome ya Lumboka, kisha ngome ya Chetambe, juu ya kilima karibu na mji ambao leo ni Webuye. Wabukusu walikuwa na bunduki chache, mikuki, mishale, ukuta wa udongo na handaki refu. Washambuliaji walikuwa na bunduki nyingi na silaha ya kupiga mfululizo. Chetambe ilivunjwa, watu kwa mamia wakafa, ng'ombe wakatekwa. Miongoni mwa masharti ya amani lilikuwamo hili la kurudisha bunduki.

Mwaka mmoja niliwapeleka walimu wanafunzi wa chuo chetu kupanda kilima hicho kwa miguu. Jua lilikuwa kali, na nusu yao walifika wakilalamika. Tulipofika kwenye mabaki ya handaki, yaliyojaa nyasi sasa, kijana mmoja alishuka ndani, akapima kina chake kwa mwili wake, akaniuliza, "Mwalimu, hili lilichimbwa dhidi ya nani?" Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani. Ngome kama ile zilichimbwa dhidi ya mikuki, dhidi ya watu waliokuja usiku kuchukua ng'ombe. Zilifaa sana kwa kazi hiyo. Mpiga mkuki hana budi kuukaribia ukuta. Mwenye Martini-Henry aweza kukaa mbali, akautoboa mlango kwa risasi akiwa mahali ambapo mshale haufiki. Kwa hiyo wazee wale hawakuwa wajinga wa vita. Walikuwa wamejenga kwa ustadi dhidi ya vita ambavyo vilikuwa vimekwisha kupita, kama Waaustria wa mwaka 1866.

Miaka 7 baada ya Chetambe, kijana wa Kiskoti aitwaye W. D. M. Bell aliondoka Mumias na msafara wake, akapita chini ya Elgon kuelekea Karamoja kutafuta pembe. Bell ni mtu wa kusomwa kwa jicho wazi. Alikuwa mtembezi hodari, aliyekwenda kwa miguu mwaka hadi mwaka, na aliujua mwili wa ndovu kama daktari aujuavyo mwili wa mtu. Watu wa Karamoja walimfuata kwa furaha, maana alichukua pembe akawaachia nyama. Katika maisha yake aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki zenye risasi nyembamba za kijeshi, za milimita 7 na za .303, wakati wawindaji wenzake walibeba bunduki nzito zilizowavunja mabega.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1899 ulikataza vitani risasi za kupasuka na kutanuka mwilini, kwa kuwa jeraha lake ni la kikatili. Kwa hiyo risasi ya askari ilivikwa ganda gumu, ipenye moja kwa moja bila kupasuka. Risasi hiyo hiyo, iliyotengenezwa ili mtu asiumizwe kupita kiasi, ndiyo iliyoweza kupenya fuvu la ndovu mpaka kwenye ubongo. Huruma ya The Hague ilimfaa sana Bell.

Mwindaji wa pili mwenye jina kubwa alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani. Mnamo Novemba 1909 alipiga kambi karibu na mto Nzoia, akawinda ndovu huko pamoja na Carl Akeley, aliyekuwa akikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Mojawapo ya bunduki zake ilikuwa Springfield ya jeshi la Marekani, iliyotiwa kitako kipya ili imfae begani. Katika safari yake yote yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Walisherehekewa duniani kote. Mwenyeji ambaye mwaka huo huo angemuua ndovu mmoja bila kibali kwa bunduki ya gobori angepelekwa mahakamani. Silitaji jambo hili ili tumchukie Roosevelt, ambaye vitu alivyokusanya vimewafundisha wengi. Nalitaja kwa sababu sheria za wanyama zilizoandikwa miaka hiyo zilikuwa na meno kwa upande mmoja kuliko kwa upande mwingine, na sifa ya uwindaji ilikwenda kwa mwenye leseni.

Kisha vikaja vita vya 1914 mpaka 1918. Askari wengi wa Kiafrika wa Wajerumani waliingia vitani na Mauser ya zamani ya mwaka 1871, ambayo baruti yake nyeusi ilitoa moshi mzito ukamfichua mpigaji. Upande wa Waingereza Waafrika walichukuliwa kwa makumi ya maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, na maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Mitaa ya Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi yachukua jina la jeshi hilo lisilo na bunduki.

Vita vilipokwisha serikali ilianzisha mwaka 1919 mpango wa kuwapa ardhi waliokuwa askari. Kura zilipigwa Nairobi na London, na mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa miongoni mwa yaliyogawanywa. Ilikuwa lazima mwombaji awe mtu wa asili ya Ulaya. Askari Mwafrika wa King's African Rifles, aliyekuwa amepigana bega kwa bega na afisa wake, aliirudisha bunduki ghalani akaenda nyumbani. Afisa alipata shamba.

Kwa hiyo Kitale, ambayo reli iliifikia mwaka 1926, ilikua ikiwa mji wa watu waliozoea bunduki. Mlowezi alihitaji silaha dhidi ya simba waliokamata maksai wake na dhidi ya punda milia waliokula mahindi yake. Bunduki mpya ya uwindaji iliyotengenezwa London ilikuwa ghali mno. Lee-Enfield ya jeshi ilipatikana kwa urahisi, na risasi zake ziliuzwa kila mahali. Ila ilikuwa na uzito wa kilo 4 hivi, na kilo 4 asubuhi si kilo 4 jioni, hasa kwa mtu apandaye kutoka Endebess kuelekea msitu wa Elgon. Basi wenye bunduki hizo waliukata mti wa mbele uliofunika mtutu, wakaondoa mahali pa kushikia singe, na mara nyingine wakaupunguza mtutu wenyewe. Ukiona leo Lee-Enfield yenye mti mfupi, iliyo kama mtu aliyevuliwa koti, ujue kwamba imetoka jeshini ikaingia uwindajini.

Na ni nani aliyeibeba? Katika picha za miaka hiyo mwenye bunduki husimama mbele ya mnyama aliyekufa, na kando yake, mara nyingi bila jina, husimama Mwafrika aliyemwonyesha nyayo, aliyempelekea bunduki, na ambaye mara nyingine alimwokoa. Mtu huyo aliijua silaha ile kwa mikono, aliisafisha kila jioni, lakini kibali cha kuwa nayo mwenyewe alikipata kwa nadra sana. Ujuzi ulikuwa wake, na chuma kilikuwa cha mwingine.

Si walowezi wote waliokuwa wauaji wa bure. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mwanajeshi aliyependa wadudu kuliko pembe, alianzisha mwaka 1926 makumbusho yake karibu na Kitale. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa la Kenya mkusanyo wake, na jengo jipya likafunguliwa mjini mwaka 1974. Mwanafunzi wa Trans Nzoia anayetaka kuwajua vipepeo wa nchi yake huanzia hapo.

Ngome ya Chetambe nayo haikusahauliwa. Mnamo Septemba 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya maelfu ya wafuasi kilimani kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Serikali iliingiwa na hofu. Mnamo Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, wakafa watu 11.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka upande usiotarajiwa. Mwaka 1968 upande wa Kenya wa Elgon ulipata hifadhi ya taifa, na mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa pori nchini kote. Leseni ya mlowezi na mshale wa Msabaoti vikawa hali moja mbele ya sheria. Lakini sheria haikuzuia vita vya jirani. Mwaka 1979 jeshi la Idi Amin lilipovunjika, kambi ya Moroto iliachwa wazi, na Wakaramojong wakajichukulia ghala zima la silaha. Bunduki hizo zilisambaa kwa Wapokot na Waturkana na mpaka mashambani Trans Nzoia, kama Snider zilivyosambaa miaka 100 kabla yake. Katika miaka ya 1980 majangili waliwavizia ndovu wa Elgon kwenye vinywa vya mapango, mahali ambapo wanyama hao huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Wengi waliuawa hapo. Mnamo Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe Nairobi mbele ya macho ya dunia. Kati ya 2006 na 2008 mlima uliona tena bunduki, safari hii kwa ugomvi wa ardhi. Habari hizo ziko karibu mno, na huenda baadhi ya wasomaji wa kitabu hiki walifiwa. Nitaziacha hapa.

Leo, msomaji, waweza kupanda Elgon na wenzako mpaka Koitobos, mita 4,222 juu ya bahari, bila kubeba kitu kizito kuliko chakula na blanketi. Askari wa wanyama atafuatana nanyi na bunduki yake. Mkifika katika pango la Kitum atawaambia mnyamaze na mngoje nje, aingie kwanza na taa kutazama kama ndovu wamo. Wakiwamo, mtangoja.